Tangazo la Mke wa Katibu

Mtu mmoja alikuwa na mke, tena alikuwa na vyeo. Mke alikuwa mmoja. Vyeo vilikuwa saba. Jina lake Zefania Mbonea, na alikaa katika kijiji cha milimani ambako kahawa hustawi vizuri na maneno hustawi vizuri zaidi. Alikuwa katibu mstaafu wa chama cha ushirika, mzee wa usharika, mjumbe wa kamati ya maji, mlezi wa kwaya, mshauri wa shule, na vyeo vingine viwili ambavyo hata mwenyewe alikuwa akivisahau mpaka mtu aache kuvitaja. Na alikuwa na mwandiko, ndugu zangu, ambao haujapata kuonekana tena katika milima ile. Herufi zake zilisimama kama askari wa gwaride. Akiandika barua ya kuomba bomba, bomba lilikuja mbio bila kusubiri mafundi. Asiyesadiki na apande akaulize.

Mkewe aliitwa Nakijwa. Alikuwa mfupi, mpole wa kutembea, mwenye kusema kidogo. Kila Jumanne na Ijumaa aliamka mapema, akapika uji, akaujaza kwenye chupa mbili kubwa za chai, akaziweka kapuni na kushuka kwa miguu hadi hospitali ya wilaya kule bondeni. Huko alipita wodini akitafuta wagonjwa wasio na ndugu. Wapo wengi, usidhani. Wapo wavunja mawe waliotoka mbali, wapagazi wa stendi, wazee walioletwa na watu wakaachwa. Aliwanywesha, akawafulia, akawakata kucha, akakaa nao, kisha akaupanda mlima kabla jua halijazama. Mumewe aliiita kazi hiyo matembezi. "Mama Amosi yuko kwenye matembezi yake," aliwaambia wageni, nao walicheka kidogo, kwa adabu.

Amosi ni mwana wao, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Tanga. Lakini kabla ya Amosi alikuwapo Tunu. Wakati huo Zefania na mkewe walikaa kule tambarare, kwenye mashamba ya mkonge, nao walikuwa vijana. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye mwanya, msemaji kupita kasuku. Alifikisha miaka minne. Mvua kubwa za mwaka ule zilipokwisha akaugua, wakampeleka hospitali ile ile ya wilaya, akalazwa siku tisa, na siku ya kumi wakarudi naye amefunikwa kanga. Wiki ile yote watu walipita mlangoni wakisema, "Pole, Baba Tunu. Jikaze, Baba Tunu." Walimpa pole kwa moyo mwema, na kila pole ilimwingia kama msumari. Siku ya kuanua tanga alisimama mlangoni akamwambia mkewe, "Katika nyumba hii jina hilo lisitajwe tena." Kisha akaomba uhamisho, wakapanda milimani ambako hakuna aliyewajua. Amosi alipozaliwa wakawa Baba Amosi na Mama Amosi, na watu wa mlimani wakadhani huyo ndiye wa kwanza. Amosi mwenyewe alikua akidhani hivyo.

Nakijwa alitii. Ila mtu hutii kwa kipimo cha amri aliyopewa, na mumewe alikuwa amesema katika nyumba hii, hakusema hospitalini. Basi kule wodini, mahali kilipokuwa kitanda cha mwanawe, wagonjwa walipomwuliza, "Mama, tukuite nani?" aliwajibu, "Mimi Mama Tunu." Wakamwita hivyo kwa miaka ishirini na sita. Walipopona walitoka na jina hilo midomoni, wakalipeleka machimboni, sokoni, stendi ya mabasi, na hata katika vijiji ambavyo Zefania na vyeo vyake saba hakuwahi kufika.

Zefania alilijua jambo hilo. Siku moja alishuka kupimwa macho, na nesi mmoja akaita kutoka mwisho wa korido, "Mama Tunu!" Mkewe akageuka. Kwa siku tatu Zefania hakugusa chakula alichopika mkewe. Siku ya nne alikula. Jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Ikawa Jumapili moja Nakijwa akashikwa na homa. Jumanne uji haukupikwa. Alhamisi alfajiri Zefania alimwita, akamtikisa bega, akamwita tena, naye hakuitika.

Sasa, watu wa milima ile wana desturi yao: msiba usiotangazwa redioni ni kama haujatokea. Redio ya mkoa ina kipindi cha matangazo ya vifo, asubuhi na jioni, na kikianza kazi zote husimama. Mwenye jembe huegemea jembe, mpika chapati huacha moja iungue. Msomaji husema nani amekufa, nani anatangaza, maziko ni lini na wapi. Kisha hushusha sauti na kusema, "Habari ziwafikie," na hapo hufuata majina. Mtu akitajwa hapo lazima aende, hata kama siku hiyo alikuwa amepanga kufa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo Zefania alikaa mezani na kalamu. Wanawake walikuwa chumbani wakimwosha Nakijwa, na alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Aliandika: Bwana Zefania Mbonea, katibu mstaafu wa chama cha ushirika, mzee wa usharika, mjumbe wa kamati ya maji, na vyote vingine kwa mpango wake, anasikitika kutangaza kifo cha mkewe mpendwa, Bibi Nakijwa Zefania, kilichotokea nyumbani. Maziko ni Jumamosi saa nane. Halafu habari ziwafikie, na hapo akapanga viongozi wa ushirika wa zamani na wa sasa, wachungaji watatu, mkaguzi wa shule, na bwana mmoja wa wizarani aliyewahi kunywa chai kwake. Mdogo wake, Yonazi, alisoma juu ya bega lake.

"Kaka," alisema Yonazi, "ukiitoa hiyo Jumamosi saa nane, hili laweza kuwa tangazo la uchaguzi."

"Nenda kaazime viti," alisema Zefania. "Vya kanisa na vya shule. Mia tatu."

Kwenye ofisi ya redio mjini kulikuwa na mama wa makamo aitwaye Hidaya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa amepokea vifo vingi kuliko mchimba kaburi yeyote. Alimpa Zefania kiti, akampa pole, akasoma karatasi polepole kwa kidole.

"Mwandiko mzuri, baba," alisema. "Lakini naona habari zako hapa. Za mama ziko wapi?"

"Watu watamjua kwa kupitia mimi."

"Labda. Watu walikuwa wakimwita nani? Usikasirike, baba, nauliza kwa sababu ya kazi. Jina la cheti wengi hulisikia kwa mara ya kwanza msibani. Juzi tulimtangaza mzee mmoja kwa jina lake la ubatizo, na rafiki yake wa miaka thelathini alisikia, akaendelea kumenya muhogo."

Zefania alifungua kinywa. Jina lilikuja, likafika mpaka kwenye meno. Nalo halikuja peke yake: lilikuja na kanga ile, na njia ile ya mkonge, na uzito mdogo uliokuwa mikononi mwake, ambao ulikuwa mdogo mno. Akafunga kinywa.

"Andika nilivyoandika," alisema.

"Hakuwa na jina jingine?"

"Hakuwa nalo."

Hidaya akagonga muhuri. Tangazo likasomwa Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi, na Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi, na msomaji alivitaja vyeo vyote saba bila kukosea hata kimoja.

Jumamosi majirani walikuja, maana jirani haji kwa tangazo. Huja kwa sababu ya kupakana ukuta. Wakakaa kwenye viti vya mbele. Wale wa habari ziwafikie walituma salamu. Mmoja alituma dereva. Bwana wa wizarani hakutuma kitu. Viti vingine vilibaki vimepangwa safu kwa safu chini ya turubai, vikiwa vimepanguswa vizuri, na upepo wa mlimani ukapita katikati yake pasipo kizuizi. Yonazi alianza kuvikunja vya nyuma kimyakimya, ili kaka yake asivione. Kaka yake aliviona.

Mchungaji akauliza ni nani atasoma wasifu wa marehemu. Zefania alisimama na karatasi tatu. Alisoma jinsi marehemu alivyoolewa na yeye, jinsi alivyohamia milimani alipohamishwa yeye, jinsi alivyoshuhudia yeye akichaguliwa katibu na jinsi alivyopika siku ile. Alipofika karatasi ya pili akajisikia mwenyewe. Alitafuta kwa macho huko chini ya karatasi kama kuna mahali amemtaja mwenye jeneza bila kujitaja, na hakupaona. Mama mmoja kule mbele alimwinamia mwenzake. "Hivi anayezikwa hapa ni nani?" aliuliza, kwa sauti ambayo aliidhani ni ya chini. Zefania akaikunja karatasi ya tatu bila kuisoma. Wakashusha jeneza. Akatupa udongo wake. Amosi akatupa wake, akalia kama wanaume wa bandarini wanavyolia, kwa kukohoa.

Jumatatu tanga likaanuliwa, viti vikarudishwa. Jumanne mchana Amosi alikuwa sebuleni akifunga begi ili arudi Tanga, na baba yake alikuwa amekaa pembeni bila kufanya kitu, ndipo mtu akapiga hodi. Alikuwa mtu wa magongo mawili, mguu mmoja umefungwa plasta mpaka gotini, amelowa jasho. Alikuwa ameupanda mlima ule kwa magongo, na mlima ule hata mbuzi hupumzika katikati.

"Samahani, ndugu zangu. Naitwa Kaniki. Hapa ndipo kwa Mama Tunu?"

"Umepotea, kaka," alisema Amosi. "Hapa hakuna Mama Tunu."

"Mama mfupi. Ana kapu, mpini wake umefungwa kitambaa chekundu. Uji wake ni wa karanga, na hatii sukari mpaka akuulize. Wauza ndizi pale njia panda wamenielekeza nyumba hii, ila hawakutaka kusema zaidi."

Kapu lenyewe lilikuwa limening'inia ukutani nyuma ya Amosi, na yule mtu alikuwa akilitazama.

"Tumemkosa wodini," Kaniki aliendelea. "Jumanne ile tukasema ni mvua. Ijumaa tukasema anaumwa. Leo mimi nimepewa ruhusa ya kutoka, wenzangu wakanituma. Wakasema, Kaniki, kabla hujaenda kwenu, pita ukamwone Mama Tunu, ukampe pole, umwambie asije kabla hajapona."

"Mama amefariki," alisema Amosi. "Tumemzika Jumamosi."

Kaniki aliegemea mwimo wa mlango. Gongo moja lilimponyoka, na hakuliokota.

"Jumamosi," alisema. "Pale wodini manesi wana redio dirishani. Ijumaa tulisikia wanamtangaza mke wa katibu. Mzee wa kitanda cha pembeni akasema, wakubwa nao hufa. Tukacheka." Akajifuta uso kwa mkono. "Mungu atusamehe. Tulicheka."

Kisha Amosi akageuka, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, akauliza kama mtoto aulizavyo.

"Baba, Tunu ni nani?"

Zefania alinyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kaniki alikuwa mtu wa kwanza tu, na habari ilishuka naye. Jumatano alikuja mpagazi wa stendi pamoja na mke wake. Alhamisi walikuja wavunja mawe watano, vumbi kwenye nyusi, na bibi kizee aliyepandishwa kwa pikipiki. Viti vilikuwa vimesharudishwa, chungu cha msiba kimesharudi kwa mwenyewe, kwa hiyo walikaa chini kwenye nyasi, wakilielekea kaburi. Amosi aliwapokea. Hakurudi Tanga. Na kila aliyekuja alileta swali lile lile, siyo kwa ukali: "Mbona hamkutuambia?" Zefania aliwasikia kupitia dirisha. Alikuwa ameketi kitandani upande wake, kwa mazoea, ameuacha ule upande mwingine wazi.

Siku ya Ijumaa alitoka. Akachukua kalamu, akaandika mistari michache, akashuka mjini. Herufi zake siku hiyo hazikusimama. Zilikuwa zimelala kama majani baada ya mvua.

"Marehemu hatangazwi tena akishazikwa, baba," alisema Hidaya. "Labda tangazo la shukrani. Hilo huruhusiwa baada ya maziko."

"Liite upendavyo."

Hidaya akavaa miwani, akasoma. Waliomjua Mama Tunu, yule wa uji, yule wa wodini: amefariki, na amekwisha kuzikwa, na hatukuwaambia. Walio tayari kuja kwake waje kesho, milimani, nyumba iliyo juu ya njia panda ya wauza ndizi. Hakuna chakula. Habari ziwafikie wote aliowauguza, popote walipo.

Akaisoma tena. Akavua miwani na kuifuta kwa upindo wa mtandio.

"Hujaandika ni nani anayetangaza."

Zefania alishika ukingo wa meza. Lilikuwa ni neno fupi, na alikaa nalo muda mrefu kuliko barua zote za mabomba.

"Andika Baba Tunu," alisema.

Wakaja. Nani awahesabu? Walikuja tangu umande mpaka mchana. Njia ya mlimani ilijaa mpaka wauza ndizi wakahamisha meza zao. Walikaa kwenye nyasi, kwenye mawe, kwenye mizizi ya kahawa, na hakuna aliyeulizia kiti. Amosi alikuwa kati yao. Baba yake alikuwa amemwambia habari za Tunu usiku uliotangulia, kwa maneno machache, na tangu hapo kijana alikuwa akimtazama kama mtu aliyekabidhiwa nyumba ambayo chumba chake kimoja kilifichwa. Hakukuwa na wasifu wa kusoma. Mmoja mmoja walisimama wakasema. Zefania akasikia kwamba mkewe alikuwa mcheshi. Akasikia kwamba aliimba. Akasikia kwamba aliwahi kumkemea daktari mpaka daktari akaomba radhi. Alikuwa amekaa nyumba moja na mwanamke huyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na watu wa magongo walikuwa wakimtambulisha kwake.

Kisha alisimama yule mpagazi wa stendi, mtu mwenye shingo kama gogo, akacheka kwanza.

"Mimi nililazwa miezi miwili," alisema, "na kilichoniponya ni hadithi za yule mtoto. Mama Tunu akishatumiminia uji, tunamwambia, haya, leo Tunu kafanya nini? Anatuambia. Mnamkumbuka yule mbuzi?"

"Tunamkumbuka," watu wakaitikia, na wengine wakaanza kutabasamu huku wanalia.

"Mtoto anamwamkia mbuzi shikamoo. Mbuzi kimya. Anamwamkia tena. Mbuzi kimya. Basi anakwenda kumshitaki kwa baba yake, na baba yake anaacha kazi yake, anatoka nje, anamwita mbuzi kwa jina, anamhukumu kwa kukosa adabu."

Zefania alikuwa amekisahau kisa hicho. Kilimrudia chote, harufu ya mkonge, kamba ya mbuzi, mwanya, kidole kidogo kikimwonyesha mshitakiwa. Aliona kwamba kila neno la mwanawe lilikuwa limetunzwa miaka yote hiyo, si ndani ya nyumba yake, bali vifuani mwa wavunja mawe na wapagazi, watu wasiojua hata sura ya mtoto. Mkewe alikuwa amelibeba kwenye kapu, mara mbili kwa wiki, akalipeleka mahali panapolipokea.

Naye akataka kuuliza hukumu ile ilikuwa nini. Alimhukumu vipi yule mbuzi? Alisema nini hata mtoto akaridhika? Hakukumbuka. Akamgeukia mpagazi, naye hakujua. Akawageukia wavunja mawe, nao hawakujua. Mama Tunu alikuwa akiishia hapo, walisema. Kila walipomwuliza, alikuwa akiwaambia kwamba hayo ni ya Baba Tunu kuyasema.

Zefania akaenda akapiga magoti kwenye udongo ule ambao ulikuwa bado mbichi, akaweka kiganja juu yake, akamwuliza Nakijwa. Watu wakainamisha macho.

Basi enyi wenye nyumba: ni jina gani mmelikataza ndani, na mwenzenu hulibeba kwenda kulitaja wapi?